Mita Tisa Kutoka Katikati

Mdogo wangu alikuja kwangu Jumamosi mchana, nikiwa nimekaa na rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Hakubisha hodi. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasema, "Dada, kamati imeshaamua. Wanasema alikuwa kulia."

"Nani kasema?"

"Mhandisi wao. Kapiga hesabu, hesabu imesema kulia."

Niliyaweka madaftari sakafuni. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika chuo cha ufundi, na nina ugonjwa mmoja ambao kila anayenifahamu anaujua: mtu akiniambia kwamba hesabu imesema, nataka nikutane na hiyo hesabu ana kwa ana. Hesabu haisemi. Watu ndio wanaosema, halafu wanajificha nyuma yake. Wanafunzi wangu wamenibandika jina la Mama Desimali kwa sababu ya mambo kama hayo, na wanadhani silijui.

Aliyekuwa kulia, au kushoto, ni mume wake, shemeji yangu. Alikuwa fundi wa kusimamisha antena, mrefu, mwembamba, na siku zote yuko na bomba la chuma begani, basi watu wakamwita Mlingoti na yeye akaitika. Alikuwa na mdomo. Alikuwa akinitania kwamba mtu akija kwangu kuazima chumvi nampimia kwa rula. Mimi nilikuwa namjibu kwamba yeye akikaa barazani kivuli chake kinafika kwa jirani. Nilikuwa nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia, na sasa nafasi ya kumwambia haipo tena.

Alifia kwenye yadi ya mbao. Alikuwa ameitwa kuweka antena juu ya paa la ofisi yao, na siku hiyo, wafanyakazi wote wakiwa wameingia ndani kula, alikuwa anatoka kuelekea getini na bomba lake moja. Kwa nini alikuwa anatoka saa sita mchana na kazi haijaisha, hakuna aliyeeleza. Bomba lake hakuwa akiliacha popote, maana aliwahi kuibiwa. Kwenye yadi ile mbao zimepangwa marundo marefu kupita kichwa cha mtu, na njia kati ya rundo na rundo ni nyembamba. Bomba la mita sita huwezi kulibeba begani ukakata nalo kona. Kila fundi anayepita pale analisimamisha wima, analikumbatia, anatembea nalo hatua chache, analitua chini, anabadilisha mikono, anaendelea. Ndivyo alivyofanya. Juu ya yadi ulipita waya wa umeme mtupu, usio na ganda, kutoka nguzo ya ukutani mpaka nguzo ya banda la misumeno. Bomba likaugusa.

Yadi yenyewe imepangwa sawasawa pande zote mbili, kama shuka iliyokunjwa katikati. Ukielekea getini kuna njia ya kushoto, ambayo kila mtu anapita. Kuna njia ya kulia, ambayo ni fupi zaidi kwa kuwa geti liko upande huo, lakini imefungwa kwa kamba nyekundu na kibao cha HATARI, USIPITE. Waya ulikatiza juu ya njia zote mbili. Na sheria inasema waya unaopita juu ya njia ya watu lazima uwe mita sita au zaidi kutoka chini. Kwa hiyo kama shemeji alikuwa kushoto, wenye yadi wana hatia, kwa sababu waya wao ulining'inia chini mno. Kama alikuwa kulia, aliruka kamba kwa hiari yake, na kwenye kumbukumbu za kamati ya usalama inayochunguza kifo chake ataandikwa kwamba amekufa kwa uzembe wake mwenyewe.

"Pesa zao sizitaki," mdogo wangu alisema. "Nataka wasimwite mzembe. Mama mkwe, aliyekuja kwa msiba, tangu asikie hilo neno hatoki chumbani."

Mtu angedhani jambo kama hilo halihitaji hesabu, kwamba ungeuliza tu alipatikana wapi. Aliyempata ni mlinzi. Mlinzi alimburuta mpaka kivulini kabla ya kumwita mtu yeyote, na waliotoka ndani wakalipiga teke bomba mpaka nje ya marundo wakiogopa kuligusa. Mlinzi huyo mara ya kwanza alisema alimkuta kushoto. Wiki iliyofuata akasema kulia. Mara ya tatu akasema alichanganyikiwa, hakumbuki. Na waya, ambao ungeonyesha wenyewe mahali ulipoungua, wenye yadi waliuteremsha kesho yake wakaukata vipande, wakaweka mwingine mpya juu zaidi. Walisema wamefanya hivyo kwa ajili ya usalama. Nilipolisikia hilo nilicheka, na kicheko chenyewe kilinitisha.

Kilichobaki ni bomba. Kwenye bomba kulikuwa na alama mbili za kuungua, moja kwenye kitako, iliyoonyesha kwamba lilikuwa limetuliwa chini, na nyingine mita tano na sentimita arobaini kutoka kwenye kitako hicho. Pale ndipo waya ulipokuwa. Kimo kinajulikana. Kinachotafutwa ni mahali.

"Vua mkufu wako," nilimwambia mdogo wangu.

Akanitazama kana kwamba nimeanza kurukwa na akili, lakini akauvua. Nikamwambia ashike ncha moja kwa mkono huu na ncha nyingine kwa mkono ule, mikono iwe sawa. Mkufu ukaning'inia.

"Huo ndio waya," nikasema. "Kitu chochote kinachoning'inia hivyo kina umbo lake, na umbo hilo lina kanuni. Inaitwa kosini ya haipabola. Usiogope jina. Kazi yake ni moja tu: unaiambia umesimama umbali gani kutoka katikati, inakuambia waya uko juu kiasi gani. Sisi tunataka kwenda kinyume. Tunajua waya ulikuwa juu kiasi gani, tunauliza alisimama umbali gani. Ni kama kuona kivuli ukauliza ni saa ngapi."

Alikuwa anautazama mkufu. Nikachukua kalamu, nikaiweka usawa, juu kidogo ya pale mkufu ulipokuwa chini kabisa. "Haya. Kimo hiki hapa. Mkufu unakipita wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kazini. "Hapo." Halafu akasema polepole, "Na hapo. Kuna pawili, dada."

Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa bado kwenye utangulizi, kama kawaida yangu. Nilimtazama mdogo wangu, ambaye shuleni hesabu zilikuwa zikimliza, nikaona macho yake yamepata uhai kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kwa hiyo wamekosea," akasema.

"Ngoja kwanza nipime," nikasema, lakini nilikuwa nimeshaamini.

Jioni ile nilimsindikiza. Mlango wake ulikuwa umesindikwa tu. Nilimkumbusha kwamba mtaa wake si wa kuacha mlango wazi, wataingia wamalize kila kitu. Akasema, "Waingie." Nikadhani ni uchungu tu, mtu aliyefiwa husema mengi.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda kwenye yadi na utepe wa kupimia. Mlinzi alinifungulia geti bila kuniangalia usoni. Maranda yalikuwa yametapakaa kila mahali, mpaka kwenye viatu vyangu, na misumeno ilikuwa inalia kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Nguzo zilikuwa zilezile. Vile vikombe vya zamani vilivyoshika waya bado vilikuwepo, kila kimoja mita saba kutoka chini, mita arobaini kutoka kimoja hadi kingine. Wenye yadi wenyewe walikuwa wamekiri kwamba katikati waya ulifika mita tano. Nilisimama chini ya ule waya mpya. Njia ya kushoto ilikuwa pale, ya kulia pale, kila moja kiasi cha mita tisa kutoka katikati. Kamba nyekundu ilikuwa mpya pia. Nilitamani kuikata kwa meno.

Hesabu niliifanya pale pale, nimekaa kwenye kigogo nje ya geti, kikokotoo mapajani. Nitaieleza, na anayeogopa namba avumilie kidogo, maana shemeji yangu yumo ndani yake.

Kwanza unatafuta namba moja inayosema waya umevutwa kiasi gani. Ukilegea namba ni ndogo, ukikazwa ni kubwa. Namba hiyo huipati kwa njia ya moja kwa moja. Unakisia, unajaribu, unaona umekosea kwa kiasi gani, unarekebisha. Nilianza na mia moja, nikaona waya unashuka kupita zile mita mbili za kutoka vikombeni hadi katikati kwa unywele tu. Nikajaribu mia na moja, ukashuka kidogo mno. Nikatulia kwenye mia nukta tatu tatu.

Halafu unachukua namba hiyo, unaiongezea zile sentimita arobaini ambazo alama ya bomba imezidi kimo cha katikati, na jumla unaigawa kwa namba ileile. Inatoka moja na kitu kidogo sana. Hapo kwa haraka mimi, Mama Desimali, nikaandika desimali mbili tu: moja nukta sifuri sifuri. Nikatafuta kinyume chake, nikapata sifuri. Yaani shemeji yangu alikuwa amesimama katikati kabisa ya yadi, ndani ya rundo la mbao. Niliitazama ile sifuri kwa muda. Karibu na moja, kanuni hii haitaki mzaha: vumbi unalolifuta kwenye desimali ndilo lenye mtu wako.

Nikarudia. Moja nukta sifuri sifuri tatu tisa tisa. Unaizidisha namba hiyo kwa yenyewe, unatoa moja, unatafuta kipeuo cha pili, unakijumlisha na namba uliyoanza nayo, na jumla hiyo unaitafutia logi asilia. Unazidisha na mia nukta tatu tatu. Nikapata mita nane na sentimita tisini na sita.

Mhandisi naye, mdogo wangu alikuwa ameniambia, alipata nane nukta tisa sita. Nilitamani awe amekosea mahali pa kijinga, amesahau nukta, amegawa alipotakiwa kuzidisha. Hakukosea popote. Kosa lake lilikuwa moja tu, na ni la watu wa aina yetu, mtu asiyejua hesabu hawezi kulifanya. Ukiuliza mashine kinyume cha kosini ya haipabola, inakupa jibu moja, la chanya. Si kwamba la hasi ni uongo. Ni kwamba waliotunga kanuni walikubaliana kuchukua chanya na kuacha hasi, ili jibu liwe moja na watu waelewane. Na kwenye mchoro wa yule mhandisi, kama kwenye michoro yote, chanya iko kulia.

Basi. Shemeji yangu aliitwa mzembe kwa sababu karatasi huanza kushoto kwenda kulia.

Nilimpigia simu mdogo wangu nikiwa bado kwenye kile kigogo. Nikamwambia. Nilisikia anavuta pumzi, halafu akauliza, "Kwa hiyo inaweza kuwa kushoto."

"Inaweza kabisa."

"Inaweza kabisa," akarudia, kama mtu anayejaribu nguo.

Kamati ilikubali kutusikiliza Alhamisi. Chumba kilikuwa kidogo, viti vya plastiki, feni inayozunguka na kulalamika, chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Mhandisi alikuwa kijana kuliko nilivyomfikiria, shati limepigwa pasi vizuri, na nilimchukia kwa hiyo pasi. Mlinzi alikaa nyuma karibu na mlango. Mdogo wangu alikaa kando yangu amevaa nyeusi, mkoba wake mapajani ameushika kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilichora waya ubaoni, nikachora kimo, nikaonyesha sehemu mbili. Nikamwomba mhandisi aweke kwenye kompyuta yake nane nukta tisa sita, aniambie kimo.

"Mita tano nukta nne," akasema.

"Sasa weka hasi nane nukta tisa sita."

Akaweka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea, na liliniudhi kwa sababu lilininyang'anya vita yangu. Akaifunga kompyuta, akasema, "Mwalimu, ni kweli. Mama mwenyekiti, mashine ilinipa jibu moja nikalichukua. Kuna jibu la pili, upande wa kushoto. Nisameheni."

Alimgeukia mdogo wangu aliposema nisameheni. Mdogo wangu alitikisa kichwa kidogo, usingejua kama ni ndiyo au hapana.

Nilikaa. Nakiri nilijisikia vizuri. Kwa dakika moja hivi, pale kwenye kiti cha plastiki, nilimwona Mlingoti amesimama mlangoni ameinama asigonge kichwa, ananiambia, shemeji, leo umewapimia chumvi yao. Sijawahi kujisikia vizuri namna ile tangu siku hiyo, na sidhani kama nitajisikia tena.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Mwalimu, nakushukuru. Nataka nielewe vizuri. Hesabu haisemi kulia."

"Haisemi, mama."

"Na kushoto je? Inasema kushoto?"

"Haisemi kushoto wala kulia. Inasema mita tisa kutoka katikati. Upande haumo ndani yake. Ulikwisha kupotea tulipochukua kimo peke yake, na hakuna namna ya kuurudisha kwa kalamu."

"Hata mtu mwingine anayejua zaidi?"

"Hata nani."

Akaandika. "Basi," akasema, bila ubaya wowote, "kama hesabu haijui, itabidi tuwaulize watu."

Hapo ndipo nilipoanza kuona nimefanya nini, lakini bado kwa mbali. Mlinzi aliulizwa, akasimama, akasema hakumbuki, Mungu ni shahidi yake, akakaa. Mwenyekiti akamgeukia mdogo wangu kwa sauti ya upole.

"Mwanangu, pole sana. Kuna swali ambalo hatukukuuliza mara ya kwanza, kwa sababu tulidhani tuna jibu. Mumeo alikuwa anatoka mchana na kazi haijaisha. Unajua alikuwa anakwenda wapi? Na kwa kawaida, akitoka pale, alikuwa akipita wapi?"

Nilimtazama. Vidole vyake vilikuwa vimebana mkoba mpaka kucha zimepauka. Nikaelewa kwamba anajua. Sikujua anajua nini, ila nilijua anajua, maana nimemlea mimi, na sura ile ninaifahamu tangu alipokuwa mtoto amevunja kikombe. Na nikaomba moyoni, mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa kukosea desimali ya tatu, nikaomba: sema kushoto. Hakuna atakayekupinga. Nimekufagilia njia nzima. Sema kushoto tu, turudi nyumbani.

"Alikuwa anakuja kwangu," akasema.

Feni ilizunguka.

"Nilikuwa nimejifungia nje. Nilitoka kuanika nguo, upepo ukaubamiza mlango, ufunguo uko ndani. Wa pili alikuwa nao yeye. Nikampigia simu. Nilimwambia afanye haraka kwa sababu nimeacha sufuria jikoni. Alikuwa anaongea na mimi anatembea. Alinicheka. Akasema, usilie, nakata hapa kulia kwenye kamba, sasa hivi niko getini. Halafu simu ikakatika."

Mhandisi alikuwa anaitazama meza. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika," mdogo wangu akasema. "Alisema kulia."

Uamuzi ulibaki vilevile, ila sasa chini yake, mahali palipokuwa na hesabu ya mhandisi, pana maneno ya mke wa marehemu. Hilo nililifanya mimi. Nisingejitia kimbelembele na ubao wangu, angekuwa amehukumiwa na mashine, na mashine unaweza kuitukana usiku kucha ukalala. Niliwaondolea mashine, nikamweka mdogo wangu pale ilipokuwa.

Tulirudi kwa miguu. Duka la vipuri lilikuwa linafungwa, mtu anateremsha mlango wa bati. Mdogo wangu alitembea akiangalia mbele.

"Ulijua tangu mwanzo," nikamwambia hatimaye. Haikutoka kama lawama. Ilitoka kama mtu anayeuliza njia.

"Nilijua nilichokisikia."

"Sasa kwa nini ulikuja kwangu?"

"Nilidhani labda nilisikia vibaya. Nilidhani hesabu ingeniambia nilisikia vibaya." Tukavuka barabara. "Ulipopata ile hasi yako, dada, nilikaa nayo. Jumanne na Jumatano nilikaa nayo. Nilikuwa napika naiwaza. Nikawa karibu kuamini kwamba hakusema kulia, kwamba alisema tu anakuja. Kwamba hata nisingempigia simu, angekuwa anapita kushoto kwenda zake, na waya ni wao, kosa ni lao."

"Ungewaambia kushoto. Ningekuunga mkono."

"Najua ungeniunga mkono." Alisema bila hasira. "Lakini uliwaambia hesabu haijui. Mbele ya watu wote. Nikaona basi, nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na nikinyamaza mimi, yale maneno yake ya mwisho yatakuwa hayakusemwa. Hata kama ni ya kijinga. Hata kama ni kulia."

Nilitaka kumwambia kwamba waya ungekuwa mita sita asingekufa upande wowote. Ni kweli. Nilitaka kumwambia kwamba mtu kumpigia mumewe simu alete ufunguo si kosa kwa sheria ya nchi yoyote. Hilo pia ni kweli. Niliyasema yote mawili, na alinisikiliza kwa adabu, kama wanafunzi wangu wanavyonisikiliza saa ya mwisho ya mchana. Mimi mwenyewe niliyasikia yanavyodondoka. Kutoka pale alipokuwa amefika hakuna kanuni ya kumrudisha, na kama ipo mimi siijui, na mimi ndiye niliyekuwa nazijua kanuni.

Tulifika kwake kukiwa bado kuna mwanga. Nguo zilikuwa kwenye kamba, zimekauka kitambo. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, pazia limeshushwa. Angetuuliza, na tungemjibu, na neno lingekuwa lilelile.

Mdogo wangu alifungua mkoba akatafuta leso. Ndani niliuona ufunguo. Ulikuwa na kile kipande cha waya wa antena ambacho shemeji alikuwa ameupachika ili usimpotee, na upande mmoja ulikuwa umeungua, mweusi. Walikuwa wamemrudishia pamoja na nguo zake.

Aliona ninautazama. Akaufunga mkoba, akausukuma mlango kwa kiganja, nao ukafunguka, maana haukuwa umefungwa. Tangu siku ile hajaufunga tena.